Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Jodari

Nyumba za Wafanyakazi, safu ya nyuma,
Bandari ya Vonamba,
Visiwa vya Solomoni.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mkaguzi wa Ubora wa Samaki,
anayetufikia mara mbili kwa mwaka kwa niaba ya maduka ya ng'ambo.

YAH: KUBADILISHWA KUTOKA MFANYAKAZI KUWA SAMAKI

Mheshimiwa Mkaguzi,

Natumaini barua hii itakukuta umepumzika na safari na tumbo limetulia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa hayo nitakayoyataja.

Jina langu ni Nesta Hounimae, mzaliwa wa kisiwa cha Ulawa, mama wa watoto wawili. Nasafisha jodari katika kiwanda hiki, mstari wa tatu. Pengine unanikumbuka. Ulipopita mwezi wa Aprili ulisimama mbele yangu, ukamwinua samaki, ukamnusa, ukambonyeza mgongo kwa kidole, ukatabasamu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika.

Baada ya kuwaza sana, naleta ombi moja. Kuanzia msimu ujao nisihesabiwe tena kama mfanyakazi, bali nihesabiwe kama jodari wa kusafirishwa nje. Sina nia ya kumdharau mtu wala samaki. Nimeangalia tu jinsi kila mmoja wetu anavyotunzwa, nikaona nimesimama upande mbaya wa meza. Sababu zangu nimezipanga hapa chini ili nisikuchoshe.

1. Joto. Jodari haruhusiwi kupata joto. Akisahauliwa nje ya barafu muda mfupi tu, kengele hulia, watu hukimbia, na mwisho huandikwa maelezo ambayo nasikia unayasoma mwenyewe. Sisi tunasimama karibu na majiko ya mvuke kutwa nzima wala hatuna kengele. Mwezi uliopita Rosina, jirani yangu wa mstari, alizimia akaangukia trei. Msimamizi wetu, Bwana Pitu, alikuja mbio kweli, hilo simnyimi. Akauliza, "Samaki wamepona?" Walikuwa wamepona. Rosina alikalishwa kwenye ngazi, akanyweshwa maji, akarudi kazini, na wanawake wakamtania kutwa kwamba siku nyingine ajipake magamba kwanza ndipo aanguke.

2. Hati. Kila jodari ana karatasi zake: bahari aliyovuliwa, meli iliyomvua, siku aliyofika. Nimeambiwa kwamba mtu wa ng'ambo akielekeza simu yake kwenye kopo anapata kujua kwao samaki huyo. Mimi kadi yangu ya getini ina picha ya mwanamke aliyekuwa hapa kabla yangu, mwenye mwanya na uso mwembamba. Nilipoajiriwa niliambiwa niitumie kwa muda. Nimeitumia tangu Everlin akiwa darasa la nne, na hakuna mlinzi aliyewahi kushtuka. Everlin ni binti yangu mkubwa, nitamfikia.

3. Pomboo. Juu ya kopo kuna picha ya pomboo anayeruka, na chini yake ahadi kwamba hakudhuriwa wakati jodari akivuliwa. Jambo hili nalipongeza. Ila pomboo hayumo ndani ya kopo. Kama mnyama asiyehusika kabisa anaweza kupewa ahadi mbele ya dunia nzima, nimejiuliza kuhusu mikono inayohusika, ambayo kucha zake zimelainika kwa maji ya chumvi na vidole vyake havikunjiki asubuhi. Sidai picha. Nilimsomea mama mkwe wangu maneno hayo ya kopo, maana tunakaa naye na macho yamemwishia. Yeye ni mtu wa kisiwa cha Malaita. Alipoolewa, mahari yake ililetwa kwa meno ya pomboo, na mpaka leo siku za ibada huyavaa shingoni. Alicheka mpaka popoo aliyokuwa akitafuna ikamtoka mdomoni. "Meno yake ndiyo yaliyonioa," akasema, "na sasa yeye ana wakili, mimi sina hata miwani."

4. Maji. Maji yanayomwosha jodari unayapima mwenyewe kwa kichupa. Maji hayohayo yakishamwosha hutokea bomba la nyuma na kuingia kwenye mikoko, na huko kichupa chako hakijafika. Zamani wanawake wa hapa waliokota kaa na kome humo, mboga ya jioni ikapatikana bila kwenda dukani. Sasa kome wamekufa midomo wazi, watoto wakioga wanatoka vipele, nasi tunanunua makopo ya ile nyama nyeusi ya jodari ambayo ng'ambo hawaitaki. Kwa hiyo namla jodari niliyemsafisha kwa mikono yangu, baada ya kumnunua kwa yule aliyenilipa nimsafishe. Mchungaji wetu alisema huo ndio uchumi. Sikumbishia, alikuwa mgeni wetu wa chakula cha mchana na kopo lilikuwa limekwisha funguliwa.

5. Desturi. Huenda utaona kwamba mwanamke kuomba kuwa samaki ni kiburi. Kwetu Ulawa ni kiburi kweli. Enzi za bibi yangu jodari alikuwa mtakatifu. Mitumbwi ya kumvulia ilikuwa na nyumba yake, wavulana walimkumbatia samaki wao wa kwanza kama mtoto mchanga ndipo wakaitwa wanaume, na mwanamke hakuruhusiwa hata kumgusa. Aliyemgusa, ukoo wake ulitoa fidia ya nguruwe na shanga za makombe. Unaona basi kwamba Kampuni haikuanzisha mtindo huu wa jodari kumzidi mwanamke cheo. Imeukuta, ikaukuza.

Sasa, mjomba wangu Waeta aliposikia kazi ninayofanya, alikaa akafikiria samaki niliowagusa, akaona nguruwe wa visiwa vyote hawatoshi. Kwa huruma yake akaamua atoe mmoja kwa niaba ya wote. Akapanda meli na nguruwe wake, akafika hapa akaniuliza wenye jodari ni akina nani ili awakabidhi. Nilianza kumhesabia. Bahari ni yetu, meli ni ya watu wengine, kiwanda ni cha wengine tena, na mlaji simjui. Mwishowe mlinzi akamwonyesha ofisi. Mjomba akamfunga nguruwe mlangoni, akatamka maneno ya fidia yote kwa lugha yetu, akaenda zake ameridhika. Meneja alidhani ni zawadi ya kijiji kwa ajili ya ujio wako. Ndiye yule nguruwe aliyeokwa kwa mawe, uliyekaribishwa kumla mwezi wa Aprili, na nasikia ngozi yake uliiomba tena.

Sikulaumu, hukujua. Lakini kwetu, anayekula nguruwe wa fidia amekubali kwamba jambo lipo, na ana wajibu wa kulisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana barua hii inakuja kwako na si kwa Meneja. Yeye siku ile alikuwa anaumwa tumbo, alikunywa supu tu.

6. Chumba. Sisi wanawake wa mstari wa tatu tuliomba chumba kimoja cha kuwekea watoto wachanga, kiwe popote, hata nyuma ya stoo ya chumvi. Bwana Pitu alipeleka ombi juu, akarudi na jibu kwamba nafasi hakuna. Kabla mvua hazijakatika, kikajengwa chumba cha tatu cha baridi, cheupe, chenye taa isiyozimwa na mlinzi wake mwenyewe. Nimewahi kuchungulia. Samaki wamelazwa kwa safu, kila mmoja na mahali pake, hakuna anayelia.

Mwanangu mdogo, Silas, bado ananyonya. Baba yake yuko kambi ya magogo kisiwa kingine, anakata miti inayosafiri mbali kuliko alivyowahi kusafiri yeye. Mama mkwe kwa macho yale hawezi kumleta mtoto mpaka kiwandani. Basi Everlin ameacha shule. Kutwa anasimama nje ya geti, chini ya bati linalovuja, amembeba mdogo wake, wanangoja king'ora cha mapumziko ili nitoke nimnyonyeshe. Madereva wa malori humtania, wanamwita mama mtoto. Zamani alikuwa akiwajibu. Siku hizi hawajibu, na hilo linaniuma kuliko vidole.

7. Samaki wachanga. Hii ni sababu ya mwisho, na ningeweza kuiandika peke yake. Nimeona tangazo lenu limebandikwa gatini, meli zinaposhusha samaki, kwamba jodari ambaye hajakua asipokelewe, aachwe baharini akue. Nilisimama nikalisoma tena na tena, nikaona ni maneno ya watu wenye huruma. Wiki hiyohiyo Bwana Pitu alitukuta getini mimi na Everlin, akamwambia binti anyooshe mikono, akaigeuzageuza.

"Vidole virefu hivi unavitunza vya nini?" akaniuliza. "Mlete Januari. Umri tutaandika sisi."

Everlin ana miaka kumi na minne. Alikuwa wa pili darasani, na aliyemshinda ni mtoto wa mwalimu. Nilikasirika, Mheshimiwa, mpaka nikasikia masikio yanavuma, lakini nilicheka kidogo na kusema asante, kwa sababu Bwana Pitu ndiye anayepanga zamu. Kwa hiyo naomba sheria yenu imguse na binti yangu. Apimwe, aonekane bado mdogo, arudishwe alikotoka. Darasani, namaanisha.

Ombi langu likikubaliwa, naahidi kuwa jodari mtulivu. Nitalala kwenye barafu bila manung'uniko, sitaomba ruhusa ya kwenda msibani, na yeyote atakayetaka kujua kwetu atapata jibu papo hapo kwenye simu yake.

Nisalimie mkeo na watoto, na mlinzi wa ofisini kwenu kama yupo. Wasalimie wanaokula jodari wetu, na uwaulize kama chumvi inawatosha, kwa kuwa sisi tunaona imezidi. Rosina anakusalimu, hajambo sasa. Mjomba Waeta ametuma salamu kutoka Ulawa, anauliza kama nguruwe alikuwa ameiva. Mama mkwe hakukusalimu wewe, amemsalimu pomboo.

Ni mimi ninayengoja kupimwa,

Nesta Hounimae
Mstari wa tatu (kwa sasa)

N.B. Barua hii niliisema kwa mdomo, akaiandika Everlin, kwa kuwa vidole vyangu havishiki kalamu vizuri. Mwandiko huo unaousoma bila shida ni wake. Alipofika kwenye jina langu aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, kwani jodari akishakaguliwa anafanywa nini?" Nimekata vichwa vya jodari miaka yote hii, wala sikuwahi kulifikiria. Mama mkwe ameshauri niombe kuwa pomboo, lakini sina nguvu ya kuanza barua upya na mtoto ameamka. Naomba basi ufute yote kuanzia namba moja. Hatutaki kuwa samaki. Tunataka chumba kimoja cha watoto, hata kisicho na baridi, kabla shule hazijafunguliwa. Nguruwe umeshamla.