Breki ya Mtutu na Masikio ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Bega limevilia damu. Bunduki ya marehemu baba ina teke la punda mwenye kisirani. Nilidhamiria kuficha, mkono ukagoma kuingia katika shati. Mke wangu kaona. Kasema, baba watoto, teke likome au bunduki ihamie kwa kaka yangu, yeye ana mabega. Ndiyo, shemeji ana mabega. Na tangu mazishi ya mzee anaimezea mate.

Jumanne, 4 Juni
Kwa fundi bunduki. Nimeulizia breki: kipande cha chuma chenye matundu, hufungwa mdomoni mwa mtutu, teke likapungua. Fundi kakiri litapungua, ila mlio hutupwa pembeni. Atakayeumia ni anayelala kando yako. Kashauri mpira kwenye kitako cha bunduki, yatosha. Nikawaza. Mawindoni hulala kando yangu nani? Shemeji, na darubini yake, akinikosoa. Nikamwambia fundi afunge breki.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kapita, kaiona breki. Kauliza kama siku hizi tunawinda kwa filimbi. Nikampa vizibo vya masikio. Kakataa, kasema haogopi kelele, amekulia nyumba moja na mke wangu. Sikumbembeleza.

Jumamosi, 8 Juni
Uwanja wa shabaha. Tumelala bega kwa bega, kama desturi yetu. Nikafyatua. Bega halikuhisi kitu. Raha iliyoje. Vumbi lilipotulia shemeji alikuwa ameketi, kofia haipo, akiuliza kwa sauti ya mpiga mnada nani kaizima dunia. Daktari kasema masikio yatarudi, ila kwa sasa asiendeshe gari wala asikae peke yake. Basi yuko kwetu, kwenye kiti changu. Kila anachosema anakipigia kelele, na kila anachosema kinanihusu.

Jumatatu, 10 Juni
Mke wangu katoa hukumu, kwa sauti ambayo hata kaka yake kaisikia: bunduki ni ya shemeji, fidia ya masikio. Nikamkumbusha kwamba teke limekoma, kama alivyotaka. Kasema halikukoma, limehamia kwa kaka yake. Shemeji kaifungua breki, kanitupia mapajani kama mfupa. Bunduki ya baba ikatoka mlangoni. Sikutazama.

Jumatano, 12 Juni
Tangu shemeji apate nafuu na kurudi kwake, nyumba kimya mno. Nimepita kwa fundi. Anauza bunduki nzito kuliko ya baba. Yeye mwenyewe anaiogopa. Kasema bila breki itanivunja bega. Nikacheka, breki si ninayo mfukoni? Akaanza kueleza kwamba tundu lake ni jembamba kwa risasi ile. Mafundi wana maneno mengi. Tupa ya kupanulia tundu ipo nyumbani.