Chanzo Kilicho Karibu na Kampuni

Jumatatu, 6 Machi

Tangi la majaribio la roketi limepasuka asubuhi. Mlio umesikika hadi mjini Brownsville. Tumeshinda ufukweni tukiokota mabati, mimi na mwenzangu wa kazi Baldomero, chumvi machoni, mgongo umekufa. Jioni msemaji wa kampuni, Bi Lindqvist, katangaza kwamba tangi limetengana nje ya ratiba, ila jaribio limefana na takwimu nyingi zimepatikana. Nimeokota kutwa nzima, takwimu sikuiona hata moja.

Mama kapiga simu kutoka kwetu Olanchito. Jirani yake, doña Eduviges, anautangazia mtaa kwamba mimi sirushi roketi, nasukuma vyoo vya plastiki vya magurudumu. Ni kweli nasukuma. Lakini ni vyoo vya roketi! Jumapili ukoo wote utakusanyika kwa mama mbele ya televisheni kutazama matangazo ya kampuni. Kasema nisipoonekana, hatatoka tena nje kwa aibu. Nimeahidi. Sijui kwa nini nimeahidi.

Jumanne, 7 Machi

Nimemvizia Bi Lindqvist akishuka garini. Nimemwomba Jumapili, kwenye matangazo ya kampuni, nisimame nyuma ya wale wahandisi wanaopiga makofi. Hata kwa dakika moja tu. Katabasamu sana. Kasema maswali yote yapelekwe kwenye tovuti. Nikamwambia si swali, ni ombi. Kasema na maombi pia.

Nimeandika kwenye tovuti. Imejibu papo hapo: imenishukuru kwa kupenda anga za juu.

Baldomero kacheka hadi kakaa chini. Kaniambia eti, don Nica, hapa mwandishi wa gazeti kubwa hajibiwi, sembuse mtu wa ndoo na brashi?

Jumatano, 8 Machi

Nimegundua jambo! Nje ya uzio, kando ya barabara, hukaa Curtis, Mteksasi mnene mwenye kiti cha kukunja na kamera isiyozimwa, inayorusha picha mtandaoni. Wako wengi kama yeye. Kampuni haisemi kitu, basi wao husoma dalili. Barabara ikifungwa, wanaandika. Moshi mweupe ukitoka, wanaandika. Na vyoo! Wanajua injini haziwashwi mpaka vyoo viondolewe jukwaani. Maelfu ya watu duniani wanatazama vyoo vyangu. Mama hajui ana mtoto wa aina gani.

Tumekatazwa kusema nao. Tulitia saini, na anayekiuka hupokonywa kitambulisho getini. Nimekwenda hivyo hivyo. Nimemwambia Curtis mimi ni mtu wa ndani. Kauliza, ndani kiasi gani? Nikasema sana, mara nyingine nafunga na mlango. Tumekubaliana: nimletee habari, naye Jumapili aniweke mbele ya kamera. Mama nitamwambia afungue matangazo yake, si ya kampuni.

Alhamisi, 9 Machi

Msimamizi kaamuru tuondoe vyoo vyote. Nimekimbia uzioni: kesho wanawasha! Curtis katangaza hapo hapo kwamba kapata habari kutoka kwa chanzo kilicho karibu na kampuni. Chanzo! Nimesukuma vyoo mchana kutwa kifua mbele.

Ijumaa, 10 Machi

Barabara imejaa magari. Watu wamekuja kutoka Houston na watoto, darubini na majokofu ya bia. Waandishi wa habari pia, wameiva kwa jua kama kamba wa baharini waliochemshwa. Hadi jioni, hata cheche hakuna.

Nimemuuliza Baldomero tuliondolea nini vyoo. Kasema vilikuwa vinanuka, vimepelekwa kuoshwa. Ningeweza kuuliza jana. Lakini chanzo hakiulizi, chanzo huulizwa.

Bi Lindqvist katangaza kwamba kampuni haizungumzii tetesi. Curtis anatukanwa na dunia nzima. Kasema chanzo kije Jumapili kijieleze chenyewe. Vizuri! Ndicho nilichotaka.

Jumamosi, 11 Machi

Baldomero kanionya watanijua na nitapoteza kazi. Nimemwambia nitafunga leso usoni. Kaendelea kula tu. Wivu.

Jumapili, 12 Machi

Nimeonekana! Leso hadi chini ya macho, kofia ngumu kichwani ili nionekane wa kazini, sauti nimeikwaruza. Curtis kauliza kuhusu Ijumaa. Nikajibu kwamba Ijumaa ilifana kwa namna yake, na takwimu nyingi zimepatikana. Kauliza takwimu gani. Nikamwambia maswali yote ayapeleke kwenye tovuti. Waandishi wameandika kila neno.

Mama kapiga simu analia kwa furaha. Kasema nimesema kama waziri, na doña Eduviges kaondoka bila kumaliza kula tamale yake. Nikamuuliza alinijuaje, na leso yote ile? Kasema, mwanangu, jina lako limeandikwa kwenye kofia. NICANOR. Kalisoma hata shangazi asiyeona vizuri.

Jumatatu, 13 Machi

Msimamizi alikuwa getini, mkono keshaunyoosha. Nimempa kitambulisho. Kofia kaniachia, maana ina jina langu, hakuna mwingine wa kuivaa. Bi Lindqvist alikuwa pembeni. Kwa mara ya kwanza kanijibu bila tovuti. Kasema, Bwana Nicanor, ulijibu vizuri kuliko mimi, kwaheri.

Sikufukuzwa. Nimetengana na kazi nje ya ratiba. Jambo zima limefana, na takwimu nyingi zimepatikana.

Baldomero kasema kuna kampuni nyingine ya roketi huko Florida, inatafuta watu wa vyoo. Nimeshamdokeza Curtis. Safari hii sifanyi mzaha: nitafunga leso mbili. Kofia nitavaa ileile. Ina bahati.