Lami Iliyopauka

Jumatatu, 3 Februari
Mkurugenzi atakagua maegesho ya kiwanda Ijumaa. Akiridhika, usimamizi ni wangu, na juu yake nyumba ya kazi! Tutahama kutoka kwa mama mkwe. Mke wangu ameshaanza kupanga nguo kwenye masanduku. Tatizo ni lami. Imepauka, ina nyufa kama kisigino changu. Mtunza bustani, anayeitaka nafasi hiyohiyo, anatangaza kwamba nimeiua mimi. Mimi! Nimeifagia tu.

Jumanne, 4 Februari
Nimemuuliza shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa barabara. Kasema hewa huingia kwenye ile gundi nyeusi inayoshika kokoto, ikaibadilisha, jua likaharakisha mambo, na lami ikakauka, ikakakamaa, ikapasuka. Nimemwambia asinifanye mtoto. Saa sita mchana jua hulainisha lami, viatu vyangu ni mashahidi. Sasa jua hilohilo liigumishe? Kasema ulaini ni wa mchana mmoja, ugumu ni wa miaka. Nimetikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sijaelewa hata chembe.

Jumatano, 5 Februari
Nimegundua! Lile lori bovu la pale maegeshoni limevutwa leo. Lilikaa pale tangu lami imwagwe. Chini yake lami ni nyeusi tii, kama ya jana! Na katikati, madoa ya oili. Kumbe lori lilikuwa likiinywesha lami tone kwa tone! Nimeomba pipa la oili chafu gereji. Shemeji sijamwambia. Mafundi wana wivu.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepaka uwanja mzima. Unang'aa! Mtunza bustani kauliza kama nina hakika. Nimemwambia amwagilie maua yake.

Ijumaa, 7 Februari
Balaa! Mkurugenzi kashuka garini, katembea kidogo, viatu vikabaki nyuma. Yeye kaendelea na soksi. Nilidhani amevivua kwa heshima ya uwanja, nikapiga makofi. Peke yangu. Shemeji akaitwa. Kasema oili imeyeyusha gundi, kokoto zimeachana. Na lori je? Akapandisha sauti: kivuli, shemeji, kivuli! Lori lilizuia jua, basi.
Usimamizi kapewa mtunza bustani. Mke wangu hakunigombeza. Alirudisha nguo kabatini, moja moja. Nimeumia sana. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Februari
Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Shemeji kasema kivuli. Sawa, lakini kivuli cha nani? Cha lori linalovuja oili! Kwa hiyo dawa ni oili pamoja na kivuli. Mimi nilipaka juani. Kosa dogo tu!
Paa la mama mkwe limepakwa lami, nalo limepauka vibaya. Akiliona jipya, mke wangu atanichekea tena vizuri. Mama mkwe hayupo mpaka jioni. Pipa bado lina nusu. Kwa kivuli nimechukua mashuka yake yote meupe. Ngazi nimeazima kwa mtunza bustani. Kaileta mwenyewe, tena mbio, huku anatabasamu. Kumbe si mtu mbaya.