Gauni la Mwizi Halina Mfuko

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu kapata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani! Nimepiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Kisha nikauliza anaigiza nani. Mwizi! Anamwibia bibi kizee mkufu mbele ya ukumbi mzima. Mtoto asiyelamba sukari bila kuomba! Kesho nani atamwachia kibeti amshikie? Jirani yangu Mama Maringo, ambaye binti yake anaigiza malaika, kanipa pole, eti kila mtu hupewa kinachomfaa. Nimecheka kwa meno ya mbele tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwendea mwongozaji wa mchezo. Nimemwomba mwizi arudishe mkufu, apige magoti, atubu. Mchezo mzuri si ule unaofunza wema? Akasema, mama yangu, mwizi akitubu mapema hivyo watu watarudi nyumbani. Nikamjibu warudi, kwani hawana kazi? Akaniomba nikashone mavazi, ndiyo niliyoitiwa.
Mavazi! Kumbe rungu ninalo mwenyewe!

Alhamisi, 6 Juni
Gauni la mwizi tayari. Kijani, kola imekaa sawasawa. Mifuko? Hata mmoja! Asiye na pa kutia mkufu ataiba vipi? Ataona haya, ataurudisha. Nitalipeleka dakika ya mwisho, nisije nikaambiwa nilitie mifuko. Nimejipongeza kwa chai.

Jumamosi, 8 Juni
Onyesho! Bibi kizee akainama kufunga viatu. Binti yangu akanyakua mkufu. Mkono ukatafuta mfuko kulia: patupu. Kushoto: patupu. Rudisha, mwanangu, rudisha...
Akautumbukiza kwenye kofia ya bibi iliyokuwa mezani. Akasema kwa sauti tamu, bibi, kofia yako ina vumbi, ngoja nikakufulie. Akaondoka nayo!
Ukumbi ulilipuka. Kuna mtu alisimama juu ya kiti akipiga kelele, kimbia, bibi anageuka! Mtu huyo ni mimi. Mama Maringo kasogeza kibeti chake upande wa pili.
Mwongozaji kanishukuru kwa gauni, eti mwizi hajawahi kuwa mwovu hivyo.

Jumapili, 9 Juni
Muuza vitunguu kamwita binti yangu "mwizi wetu" na kumwongezea kitunguu bure. Nimetembea kifua mbele. Mambo ya kuwatengeneza watu tabia jukwaani nimeachana nayo kabisa. Kabisa!
Jioni habari mpya: mchezo ujao binti yangu anamwekea mumewe sumu kwenye supu. Sumu! Na anayemwigiza huyo mume ni kijana mpole, fundi saa, bado hajaoa. Nimeombwa nilete vyombo.
Bakuli nimeshalitoboa.