Mfupi kwa Sungura, Mrefu kwa Twiga

Mtoto alikuwa mfupi kwa vidole vitatu, na baba yake alikuwa na pesa. Tatizo lote lilikuwa hilo.

Walikuwa kwenye bustani ya michezo, mbele ya Joka, treni ya wazi iliyovutwa polepole hadi juu ya kilima cha vyuma, kisha ikaachiwa ishuke kama imetukanwa. Penye mlango wake palisimama ubao uliochorwa twiga. Mtoto akifika kidevu cha twiga, anapanda. Asipofika, anakwenda kuzunguka juu ya farasi wa mbao pamoja na watoto wanaonyonya vidole. Mwenye duka la mabati alikuwa amemsimamisha mwanawe pale. Akamnyoosha mgongo, akamvuta shingo, akamchambua nywele zisimame. Mtoto hakuongezeka.

"Hajafika, baba," alisema mpimaji, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni.

"Vidole vitatu! Unamnyima mtoto raha kwa vidole vitatu?"

"Mimi simnyimi. Anayemnyima ni twiga. Mgombeze yeye."

Pembeni alisimama muuza maputo mmoja akitazama. Mjini walimwita Dokta, ingawa hospitali aliingia mara moja tu, siku ya kuzaliwa, na hata siku hiyo alitoka bila kulipa. Dokta alimkumbuka mwenye mabati. Asubuhi alimwona kwenye lango kuu, ambako kulikuwa na ubao mwingine, wa sungura. Mtoto asiyefika masikio ya sungura huingia bure. Pale mwenye mabati alimnong'oneza mwanawe, "Kunja magoti," na kijana akapita ndani ya suruali pana, akitembea kama bata aliyekula akashiba.

Mlangoni mtoto awe mfupi, ndani awe mrefu. Mtu wa namna hiyo, Dokta alijiambia, si mteja. Ni riziki iliyojileta kwa miguu yake.

Jioni ile alikwenda kwa fundi viatu aliyekaa nje ya ukuta wa bustani.

"Nataka viatu vya mtoto vyenye ghorofa."

"Ghorofa ngapi?"

"Moja. Lakini uijenge ndani. Mpita njia asijue kama kuna wapangaji."

Fundi alicheka mpaka akameza msumari, au karibu ameze. Alichukua mabuti ya watoto yaliyochoka, akakata sponji za ndala kuukuu, akazipanga na kuzibandika kwa gundi mpaka zikafika unene wa vidole vinne. Juu yake akalaza kipande cha ngozi safi. Kwa nje ni buti la kawaida. Kwa ndani mtoto amesimama juu ya kigoda.

"Na mpimaji akisema avue?"

"Mgonjwa havuliwi viatu," alisema Dokta. "Hivi ni vya mifupa."

Mwenye mabati alirudi siku ya pili, maana mwanawe alilia usiku kucha. Dokta alimvuta pembeni kwa heshima ya msibani.

"Mzee, kijana wako ana ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Mwanangu mzima kama chuma!"

"Ana upungufu wa vidole vitatu. Tiba yake ni hii, na inakodishwa kwa saa."

Mwenye mabati alilitazama buti, akabonyeza ndani kwa kidole gumba, akaelewa. Mtu aliyepunja wanunuzi wa misumari kwa miaka mingi hahitaji kufafanuliwa. Hakuuliza kama ni salama. Aliuliza kama kuna bei ya jumla.

Mpimaji alipoona mtoto amerefuka kwa usiku mmoja, alisema, "Vua viatu." Baba akapaza sauti kuwa mwanawe ni mgonjwa wa mifupa na anadhalilishwa mbele ya watu. Msimamizi wa bustani, bwana wa tai na jasho, alitoka ofisini mbio. Akaamuru kuanzia leo mwenye viatu vya daktari asivuliwe, bustani isije ikashtakiwa. Mtoto akapanda. Dokta akapuliza puto.

Basi biashara ikashika. Wazazi waliambiana chinichini. Fundi alikaa na viatu nje ya ukuta, Dokta akawa na maneno ndani, na mkoba wa kiunoni ukaanza kunenepa. Kwa lango la sungura alitoa mafunzo ya kukunja magoti, bure, kama nyongeza. Wajanja wote wana sadaka yao.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na binti mmoja, Pilipili, mfupi, mkali, mwenye jino moja lililong'oka mbele. Kila Jumapili Dokta alimsimamisha kwenye fremu ya mlango, akachora mstari kwa penseli, akatikisa kichwa.

"Bado, mama. Joka utapanda ukifika kidevu cha twiga."

"Wenzangu wamepanda, baba. Hata yule wa mabati, na mimi namzidi!"

"Wenzako wana baba zao."

Alikuwa na sababu. Siku moja, katika kuzoeana, alimuuliza mpimaji yule twiga ni wa nini hasa. Mama yule alimwonyesha fimbo ya chuma inayoshuka na kubana mapaja. Alimweleza kwamba imetengenezwa kwa mtu wa kimo hicho, na mtoto mfupi huchomoka chini yake kama sabuni mkononi. Dokta alisikia vizuri, akaelewa vizuri. Akaenda kukodisha viatu. Kwa mwanawe mwenyewe, asilani.

Jumapili ya pili kijana wa mabati alishuka kwenye Joka akiwa ameng'ang'ania shingo ya baba yake, haachii. Alikuwa na buti moja. Mwenye mabati alisema mtoto amefurahi mpaka amepoteza kiatu. Dokta alimtoza cha kupoteza. Yule mpimaji, aliyemwona mtoto akiteremka kwenye mteremko ule amening'inia kwenye fimbo kwa makwapa tu, alikwenda chini ya vyuma akatafuta kitu kwenye nyasi. Dokta hakuona. Alikuwa anahesabu.

Jumamosi iliyofuata alikuwa anakunywa maji kwenye bomba aliposikia sauti anayoiogopa kuliko ya polisi.

"Mkwe wangu, hujambo?"

Alikuwa mama mkwe. Dokta aliinama mpaka maputo yakagusa chini. Mbele ya mama huyu ulimi wake uliowauzia watu hewa ulikuwa mzito kama wa ng'ombe.

"Shikamoo, mama. Mbona... umekuja kutembea?"

"Marahaba. Nimemleta mjukuu. Baba yake ana shughuli nyingi, siku zote anamwambia subiri. Nikasema, na bibi yake amekufa?"

"Yuko wapi?"

"Kwenye joka lenu hilo. Kapimwa, kafika. Kuna fundi mstaarabu pale nje amenikodisha viatu vya mifupa. Kanipunguzia na bei."

Dokta aligeuka. Kwenye kiti cha mbele kabisa, chini ya fimbo ya chuma, yalining'inia mabuti mekundu aliyoyachagua mwenyewe kwa kuwa yalipendeza. Ndani yake alikuwa Pilipili, anampungia mkono, pengo linang'aa.

"Nishikie, mama!" Alimtupia mama mkwe mkoba wa kiunoni, akaachia maputo yote, akaparamia uzio. Uzio ulichukua suruali yake upande wa nyuma.

"Simamisha! Simamisha treni! Mtoto huyo mfupi!"

Mpimaji alimtazama bila haraka. "Mfupi vipi? Amefika kidevu. Na viatu vyake vya daktari."

"Daktari gani! Ni sponji!"

"Sikusikii. Msimamizi yupo hapa, na sikio lake moja bovu. Sema kwa sauti."

Msimamizi alikuwa ameegemea reli, soda mkononi, soda aliyonunuliwa na mama mmoja mtu mzima asiyemfahamu.

"Ni sponji!" alipiga kelele Dokta. "Sponji za ndala, vidole vinne! Nimezitengenezesha mimi! Hakuna daktari, hakuna mifupa, ni mimi! Atachomoka, mama, atachomoka kama sabuni, ulinieleza mwenyewe!"

Foleni nzima ikageuza shingo. Hata farasi wa mbao walionekana kusikiliza.

"Na hawa wengine?" aliuliza mpimaji. "Nionyeshe wenye sponji. Haraka, nataka kuondoa treni."

Dokta alipita kiti kwa kiti akinyoosha kidole. Huyu. Na huyu. Huyu wa mabati naye, buti jipya. Kila alipoonyesha, mama fulani kwenye foleni alijifunika uso kwa mkoba. Alipomaliza, akaketi chini, pale pale suruali ilipopungua.

Mpimaji alitoa mfukoni ufunguo uliofungwa kwa utepe. "Treni haina ufunguo tangu asubuhi," alisema. Kisha akatoa mkobani buti moja la mtoto lililochanika, sponji ikiwa nje kama ulimi. "Nilimpelekea msimamizi kiatu hiki. Akaniuliza, wewe ni daktari? Nikasema basi, nitamletea Dokta."

Pilipili alikuwa ameshavua mabuti mwenyewe. "Bibi! Nimepunga mkono vizuri? Nimefanya kama ulivyonifundisha?"

"Vizuri mno, mjukuu wangu."

Dokta alimtazama mama mkwe, kisha mpimaji, kisha mama mkwe.

"Shoga yangu huyu," alisema mama mkwe. "Ndiye aliyekupakulia chakula siku ya harusi yako. Humkumbuki? Ulikuwa unaangalia sahani."

"Mama, ungeniambia tu kwa mdomo."

"Kwa mdomo? Kwa mdomo, mkwe wangu, nani anakuweza?"

Hapo akafungua mkoba aliopewa kwa hiari, mbele ya mashahidi, akawaita wazazi wote warudishiwe chao. Walisogea kwa aibu, lakini walisogea. Mwenye mabati alipokea, akazunguka nyuma ya watu, akapokea tena.

Na sasa tuhesabu gharama, kwa kuwa Dokta mwenyewe hapendi kuhesabu tena. Mkoba ulirudi mtupu. Mabuti yote yalichanwa kwa kisu cha fundi, naye fundi alidai malipo ya kuchana. Maputo yalikwenda mbinguni. Kipande cha suruali kilibaki kwenye uzio siku kadhaa, na watoto walikiita bendera. Mke wake alimpikia mwezi mzima bila kumwambia karibu. Jina lilibadilika, sasa anaitwa Sponji, na hata msikitini na kanisani kote wanamjua hivyo.

Kisha Pilipili alidai kupelekwa bustanini, na baba yake, na siyo bibi. Walipofika kwenye lango kuu, Dokta, kwa mazoea, alimnong'oneza, "Kunja magoti, mama."

Pilipili alimtazama. Akajinyoosha mbele ya sungura kama askari wa gwaride, kidevu juu, kichwa kimepita masikio kwa upana wa kiganja.

"Nimefika, baba," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mkata tiketi. "Lipa."

Akalipa, kiingilio kamili. Wakaenda moja kwa moja mpaka kwa twiga. Alikuwa mfupi kwa vidole viwili, na Joka hakupanda.