Mwewe na Mistari Sita ya Chai

Jumatano, 10 Septemba. Ukungu hadi saa tatu, kisha jua. Hakuna upepo.

Droni imefika. Ndogo, ya kijivu, inakunjwa kama mwavuli. Nimeinunua kwa binamu yangu Jonah, anayehamia Qatar, kwa pesa za ndama wangu. Ndama wangu mimi, si wa boma. Nimeeleza hivyo mara mbili wakati wa chakula na nitaeleza tena ikibidi.

Mpango ni huu. Mchana nitaendelea kuuza dawa za mifugo pale agroveti, Kapkatet. Jioni na wikendi nitapiga picha za angani: harusi, mashamba, mazishi ya watu wakubwa. Jina la biashara ni Mwewe Picha za Angani. Mwewe huona kila kitu na haombi mtu ruhusa.

Mume wangu Noah huendesha lori la majani chai, kwa hivyo anajiona mtaalamu wa kila kitu chenye mota. Ameizunguka meza akiitazama. Ameuliza inakula nini. Nikasema umeme. Akasema ndama alikula nyasi, na nyasi haziletewi bili.

Masharti yake: kufikia Jumapili ya tarehe 21 niwe nimepata mteja mmoja wa kulipa, asiwe ndugu yangu. Nikikosa, droni itaenda kwa Kuria mwenye studio ya picha, naye atatupa mashine yake ya kukatia ng'ombe nyasi. Kumbe wameshaongea. Wanaume wawili wameketi wakapanga mali yangu.

Nimekubali. Mtu hukataa masharti akiwa na hofu.

Ijumaa, 12 Septemba. Manyunyu alfajiri, baadaye shwari.

Nimebandika tangazo agroveti, kati ya dawa ya minyoo na dawa ya kupe. Wamelisoma wengi. Mzee mmoja kutoka Kiptere aliuliza kama droni inaweza kubeba mbegu ya fahali ya kupandishia ng'ombe, maana daktari huchelewa. Mama mmoja aliuliza kama inaweza kumfuata mumewe siku ya soko. Nikamwambia huduma hiyo bado. Nimeiandika kando.

Kuria naye alikuja, hakununua kitu. Ananiita rubani. Aliegemea kaunta akauliza, mbele ya wateja, kama rubani ana kibali cha kurusha hiyo kitu. Nikamwambia kiko njiani. Sikudanganya. Kiko mwanzo kabisa wa njia, pale ambapo mtu hajaanza kukiomba. Akasema basi yeye ataendelea kuipaka grisi mashine ya nyasi.

Jioni nimerusha kwa mara ya kwanza. Imepanda vizuri, imekaa angani kama imetundikwa. Ng'ombe wa mama mkwe wangu, Mama Tecla, aliitazama, akakata kamba, akapita katikati ya mahindi. Mama Tecla anasema maziwa ya jioni yamepungua nusu. Nimemwambia ng'ombe huyo amekuwa na kiburi tangu Agosti. Amesema si ng'ombe peke yake.

Jumapili, 14 Septemba. Anga safi kabisa. Siku ya kazi.

Leo kanisani tulikuwa tunaweka jiwe la msingi la jengo jipya. Nikajitolea kupiga picha bure ili watu waone. Kuria alikuwepo na kamera yake, amepanda juu ya meza ya wageni. Nikamwonea huruma. Meza ina kimo gani.

Droni ilipanda wakati pasta anasema tuinamishe vichwa. Nilichagua wakati huo kwa makusudi, watu wakiwa wametulia picha hutoka vizuri. Picha kumi za kwanza ni za kupendeza. Ya kumi na moja ni ya kucha.

Alikuwa mwewe. Mwewe wa kweli, kutoka ile mikaratusi ya nyuma. Aliipiga mara moja tu, ikaangukia paa la kanisa la zamani, ikateremka juu ya mabati kutoka juu hadi chini kama mtu anayeburuta sufuria. Pasta alimalizia maombi mapema. Mama mmoja wa kwaya alikuwa ameshalala chini.

Kuria alirekodi yote. Ameiweka WhatsApp na maneno "Mwewe akutana na Mwewe". Kufikia jioni nilikuwa nimetumiwa video hiyo na watu tisa, mmoja wao ni Noah, aliyekuwa ameketi chumba hicho hicho.

Kimevunjika kibawa kimoja tu cha droni. Nilikuwa na cha akiba. Na sasa kila mtu kutoka hapa hadi Kiptere anajua jina la biashara yangu. Kuria amenitangaza bure, mjinga yule.

Jumatatu, 15 Septemba. Baridi. Ukungu umekataa kutoka.

Mteja!

Ni mzee Johana, jirani yetu, ambaye chai yake imepakana na ya Mama Tecla. Alikuja agroveti kununua chumvi ya ng'ombe. Alisema ameiona video, na amecheka mpaka amekunywa dawa ya presha. Kisha akavua kofia akasema: "Sasa, mtoto wetu, hiyo ndege yako inaweza kupiga shamba langu lote, nitundike sebuleni?" Anataka ipigwe kutoka juu moja kwa moja, si kwa ubavu, na pembe zote zionekane. Watoto wake wako mjini, anataka wakija waone urithi wao ukiwa ukutani, wasiulize uko wapi.

Ameacha pesa za nusu. Zingine siku ya kupewa picha. Nimemwonyesha Noah. Amesema pesa za nusu ni mteja wa nusu. Sawa. Picha itakamilika, na mteja atakamilika.

Kuria nimemtumia ujumbe asipoteze grisi.

Alhamisi, 18 Septemba. Asubuhi jua. Mvua ya mawe saa nane.

Nimeomba ruhusa kazini asubuhi nikapiga shamba la Johana. Picha safi. Nimeikuza kwenye simu nikaitazama muda mrefu. Kuna jambo.

Nikiwa shambani, chai ni chai. Imekatwa sawasawa kama meza, ya kwetu na ya Johana, huwezi kusema hii inaisha wapi na ile inaanza wapi. Mpaka ni mawe mawili, moja juu karibu na barabara na moja chini mtoni, na katikati ni majani tu. Lakini kutoka juu unaona mistari. Babake Johana alipanda mistari yake ikikata mlima. Marehemu baba mkwe wangu alipanda yake ikiteremka mlima. Ni kama vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja. Na mshono haupiti kwenye mawe. Mistari yetu sita iko upande wa Johana, kutoka jiwe la juu hadi jiwe la chini.

Nimemwonyesha Noah. Ameikuza, ameipunguza, ameigeuza simu. Amesema nifute. Nimemwonyesha Mama Tecla. Amesema picha imepinda. Kisha akasema mume wake na babake Johana walipanda chai ile mwaka mmoja, wakishirikiana kibuyu kimoja cha mursik, yale maziwa ya kuganda, na hakuna aliyetembea na tepu. Kisha akasema droni ndiyo imepinda. Mistari hiyo sita huchumwa na yeye mwenyewe. Hapendi mtu mwingine aiguse.

Noah anasema nirudishe pesa za Johana, nimwambie kamera imeharibika. Nikamuuliza, na droni? Akasema mashine ya nyasi ni kitu kizuri.

Basi nimebanwa. Nikimpa Johana picha, Mama Tecla atapoteza chai. Nisipompa, sina mteja, na Jumapili droni inaenda kwa Kuria. Mwanamke mwingine angelia. Mimi nimenoa penseli.

Ijumaa, 19 Septemba. Mawingu.

Nimepata. Ni rahisi mpaka naona aibu kwamba imenichukua usiku mzima.

Shida ni mistari kuonekana. Mistari ikifunikwa, haionekani. Kesho ni Jumamosi, siku ya kufua. Mtu akianika mablanketi juu ya chai yake, ni jambo la kawaida, kila boma hufanya hivyo. Nitafunika mistari ile sita, nitapiga picha upya, nitampa Johana hiyo. Ataona shamba lake na nguo za majirani. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyeibiwa.

Nimehesabu mablanketi yetu. Hayatoshi. Nitaongeza mashuka, mapazia, na turubai la kuanikia mahindi.

Jumamosi, 20 Septemba. Jua mapema, wingu jeusi upande wa Bomet.

Nilianza saa kumi na mbili. Nimefunika kutoka jiwe la juu hadi jiwe la chini, bila kuacha pengo. Kazi nadhifu. Mama Tecla alitoka na ndoo ya maziwa, akasimama, akauliza kama nimefua hata pazia la sebuleni. Nikamwambia namwokoa. Akarudi ndani.

Johana alikuwa kwenye ua wake na kikombe cha chai. Aliniamkia. Akauliza mablanketi hayo ni ya mkutano gani. Nikasema tumefua. Akasema naona, na yamenyooka.

Nikarusha. Nikapiga. Mvua ikaanza, nikavuta nguo mbio, mashuka matatu yameraruliwa na matawi. Bila kutazama picha vizuri nikapanda boda hadi Kapkatet, kwa sababu mashine ya pekee ya kuchapisha picha kubwa iko studio ya Kuria. Hilo lilikuwa limenitoka akilini.

Kuria aliifungua kwenye kompyuta yake. Akaikuza mpaka ikajaa kioo. Kisha akasema, rubani, hii ni kazi safi, lakini saveya wa kupima mashamba hulipwa zaidi.

Nikatazama. Katikati ya kijani chote kuna mkanda mweupe, mwekundu na buluu, umenyooka kama rula, kutoka jiwe hadi jiwe. Hata mtoto wa chekechea angeweka kidole pale akasema: hapa.

Nilifikiria kuifuta. Kuria akasema akiifuta yeye itakuwa bure, na akanikumbusha kesho ni tarehe ngapi. Alikuwa anatabasamu.

Nikamwambia aichapishe, na aiweke fremu.

Jumapili, 21 Septemba. Baridi kanisani, nje jua.

Nimemkabidhi Johana picha baada ya ibada, mbele ya Noah. Johana aliishika kwa mikono miwili. Aliitazama kama mtu anayesoma barua ya serikali. Akapitisha kidole kwenye mablanketi, taratibu, juu hadi chini. Akasema asante, mtoto wetu, umenipigia mpaka mambo ambayo sikuomba. Akanilipa pesa zilizobaki na kuongeza za soda.

Mteja mmoja, amelipa, si ndugu yangu. Nimemkumbusha Noah masharti. Amesema yeye ni mtu wa neno lake.

Droni ni yangu.

Jumanne, 23 Septemba. Ukungu mwepesi. Kikao shambani saa nne.

Wamekuja chifu na saveya, walioitwa na Johana, naye Johana na picha yake ndani ya fremu, amevaa koti. Saveya alifungua tepu yake kutoka jiwe hadi jiwe. Ilipita palepale. Alisema hajawahi kukuta kazi imefanywa nusu kabla hajafika, akauliza nani alitandika. Watu wote walinitazama. Nikampa kadi yangu.

Mama Tecla alisimama katikati ya mistari ile na kikapu chake mgongoni kama anaenda kuchuma. Alimwambia Johana: "Wewe nilikunywesha uji ukiwa na kamasi, leo unanipimia chai kwa blanketi langu?" Johana aliangalia viatu vyake. Akasema si yeye, ni mtoto wetu. Kisha akasema Mama aendelee kuchuma mpaka mwisho wa mwaka, yeye hana haraka. Mama Tecla akasema hataki hisani. Akaanza kuchuma hapo hapo, chifu akiwa bado anaongea.

Mistari sita imeenda kwa Johana. Mimi sikuihamisha. Ilikuwa hapo miaka yote, mimi nimeonyesha tu. Nimesema hivyo kikaoni mara mbili.

Mwishoni chifu aliisifu picha. Kisha akauliza kuhusu kibali. Nilianza kueleza habari za njia. Akainua mkono. Hakuna kurusha ndani ya lokesheni yake, eneo lote analosimamia, mpaka akione kwa macho.

Nimegawa kadi nne. Moja ilirudishwa, na Noah.

Alhamisi, 25 Septemba. Asubuhi safi, upepo mdogo kutoka Bomet.

Mama Tecla bado haongei nami. Anaongea na ng'ombe, kwa sauti, nikiwa karibu. Leo amemwambia kwamba katika boma hili wawili tu ndio wana akili na mmoja wao anatoa maziwa. Nimeendelea kufagia.

Nimeliwaza agizo la chifu kwa makini. Lokesheni yake inaishia mtoni. Ng'ambo ya mto ni Bomet, ina chifu mwingine, naye hajaniambia lolote. Nitarushia huko. Kibali nitakiomba biashara ikishatulia.

Na kazi imeshapatikana. Jioni amenipigia mtu anaitwa Alexander. Aliiona picha kwa Johana alipokwenda kumwona, na ameipenda sana. Anataka kama ile: kutoka juu moja kwa moja, pembe zote, mawe yote. Aliuliza kama mablanketi yamo kwenye bei. Nikamwambia hiyo ni huduma ya ziada. Amekubali bila kubishana. Ndivyo walivyo wateja wanaojua wanachotaka.

Shamba lake nalijua vizuri, liko ng'ambo ya mto. Limepakana na la baba yangu, pale nilipozaliwa. Jambo zuri zaidi ni kwamba nitakuwa nafanya kazi karibu na nyumbani, na mama yangu atanipikia. Nimempigia Baba kumwambia nakuja Jumamosi na droni kumpiga jirani yake. Aliuliza mara mbili ni jirani yupi. Nafikiri ni fahari.

Betri zote mbili zimejaa. Nimefua mablanketi.

Nalala saa nne na dakika ishirini.