Nifuteni kwenye Ukuta wa Posta

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Sanaa ya Mji,

Pokea heshima zangu. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na ukuta wa posta, ule mliouchora kuadhimisha miaka thelathini tangu umma ulipojaa barabarani na utawala wa chama kimoja ukasalimu amri. Yule wa mbele kabisa, aliyekunja ngumi na kuachama kama kiboko, ni mimi. Mchoraji alinitoa kwenye picha ya gazeti la siku ile. Kuwapo nilikuwapo: nilitoka kununua uzi, umati ukanizoa, nikaachama kuomba njia. Naomba nifutwe, kwa sababu hizi:

1. Nyumbani sina raha. Nyoka alipoingia stoo, mke wangu alinikabidhi fimbo. "Nenda, baba watoto. Aliyeangusha serikali hashindwi na nyoka." Nyoka alitoka mwenyewe, nadhani kwa kunihurumia. Mimi nilikuwa juu ya meza.

2. Kifua kile si changu. Wateja wakishautazama ukuta, hunigeukia na kuniuliza nimeugua lini.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi ofisa wa soko alikuja na buldoza kuvunja vibanda vyetu. Majirani wakanisukuma mbele: "Shujaa, tusemee." Ndugu Mwenyekiti, nilijaribu kurudi nyuma, wakanisukuma tena. Nilitaka kuomba niokoe cherehani yangu tu, lakini sauti ikakauka, nikabaki nimeachama. Ofisa akanitazama, akautazama ukuta, akanitazama tena. Akavua kofia, akamwambia dereva, "Zima. Hili tukaliongee ofisini." Vibanda vimesimama hadi leo. Nami nimechaguliwa mwenyekiti wa wachuuzi bila kupingwa, maana nilipotaka kupinga mwenyewe, sauti ilikataa tena.

4. Keshokutwa natakiwa kwenda kwa mkuu wa mji kudai choo cha soko. Jana nilijikuta nafanya mazoezi ya ngumi mbele ya kioo. Naogopa nitazoea.

Nisalimie wanakamati wote, wazee kwa vijana, na mchoraji pia; sina ugomvi na mkono wake.

Wako, mtiifu kuliko ninavyoonekana,
Fundi wa mbele ya posta

N.B. Mvua ya asubuhi imeanza kunibandua pua. Nimepanda ngazi kufunga turubai, majirani wakiishika chini. Mleteni mchoraji upesi, na aje na rangi ya kutosha. Choo bado hatujapata.